Dawa ya mzio na kijiko cha nyumbani

Mwezi wa Aprili mwaka wa 2024, Bodi ya Famasi na Sumu iliamuru maduka ya dawa na hospitali kote nchini kusimamisha uuzaji wa fungu moja la Benylin Paediatric, dawa ya maji ya watoto ambayo wazazi wengi wa nchi hii wanalijua jina lake kama wanavyoyajua majina ya jirani zao. Amri hiyo ilifuatia tangazo la wakaguzi wa dawa wa Nigeria, waliosema kwamba wamekuta ndani ya fungu hilo diethilini glaikoli, kemikali inayoua figo. Tanzania, Rwanda, Zimbabwe na Afrika Kusini nazo zilichukua hatua kama hiyo. Kampuni ya Kenvue, ambayo siku hizi ndiyo yenye jina la dawa hiyo, ilijibu kwamba vipimo vyake havikuikuta kemikali hiyo. Hata hivyo, hofu ilikuwa imekwisha kuenea, na hapa Majengo nilishuhudia wazazi wakizigeuzageuza chupa zao mlangoni wakitafuta namba ya fungu kwa tochi ya simu.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Katika mwaka wa 2022 watoto wapatao 70 walifariki nchini Gambia baada ya figo zao kushindwa kufanya kazi, wengi wao wakiwa hawajatimiza miaka mitano. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa onyo juu ya dawa nne za maji zilizotengenezwa India. Indonesia nayo, kuanzia mwaka huo huo, ilipoteza watoto zaidi ya 200 kwa dawa za maji zenye sumu ya aina hiyo.

Liko jambo moja, lakini, ambalo halikuzungumzwa sana. Mojawapo ya zile dawa nne za Gambia ilikuwa promethazini. Benylin ya watoto nayo ina difenhidramini. Zote mbili ni za ukoo mmoja, ukoo wa dawa za kuzuia mzio, ambazo wataalamu huziita antihistamini. Tuliuliza, na ilikuwa haki yetu kuuliza, kama dawa imeingiwa na sumu kiwandani. Hatukuuliza dawa hiyo, hata ikiwa safi kabisa, inamfanyia nini mtoto anapopewa kupita kiasi chake. Sumu ya kiwandani hutokea baada ya miaka. Kijiko kilichofurika kiko jikoni kila usiku, na juu ya kijiko hicho hakuna amri ya Bodi iliyopata kutolewa.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Mzio, au aleji kama wanavyosema wengi, ni hali ya mwili kukikataa kitu ambacho kwa watu wengine hakina neno: vumbi, chavua ya maua, manyoya ya paka, samaki, karanga, au hata dawa kama penisilini. Mwili humwaga kemikali iitwayo histamini, nayo ndiyo iletayo upele unaowasha, macho mekundu, chafya zisizokoma na kamasi nyepesi. Antihistamini huziba nafasi ambazo histamini ingezishika mwilini. Haiondoi chanzo cha mzio, wala haiui vijidudu vya maradhi. Utafiti uliozizaa dawa hizi ulianza Paris katika miaka ya 1930, na mmoja wa walioufanya, Daniel Bovet, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1957.

Ziko za vizazi viwili. Za kale, kama klorofeniramini, promethazini na difenhidramini, hupenya hadi kwenye ubongo, na ndiyo sababu huleta usingizi. Za baadaye, kama setirizini na loratadini, hupenya kidogo tu. Tofauti hii ndogo ya kikemia ina uzito mkubwa darasani, kama nitakavyoeleza.

Nimefundisha katika mitaa ya Eastlands kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wengi wametoka Majengo, mtaa huu wa Pumwani ambao serikali ya kikoloni iliuanzisha mapema katika miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakae mahali pamoja panapoangaliwa. Mtaa ni mkongwe na vyumba vimebanana, kila chumba na jamaa yake. Upande mmoja ni Gikomba, ambako marobota ya mitumba hufunguliwa alfajiri na vumbi lake likapaa. Upande mwingine mafundi wa Kamukunji hugonga mabati tangu macheo. Ndani ya nyumba mna moshi wa jiko la makaa, na mwezi wa Julai, baridi inapokaza na madirisha yakafungwa, kuta huota ukungu. Ajabu ingekuwa kama watoto wasingepiga chafya.

Dawa inayokimbiliwa kuliko zote ni klorofeniramini, ambayo mtaani haina jina jingine ila Piriton, hata kama kidonge chenyewe kimetoka kiwanda kingine kabisa. Huuzwa kwa kemisti, lakini utaikuta pia katika vioski vya sukari na sabuni, kidonge kimoja kimoja. Muuzaji hukihesabu kutoka kwenye mkebe mkubwa, akakitia katika bahasha ndogo ya khaki, na juu ya bahasha akaandika: 1×3. Hiyo ndiyo habari yote anayoondoka nayo mnunuzi. Jina la dawa halipo, miligramu zake hazipo, umri wa mgonjwa haupo, tarehe ya mwisho ya kutumiwa haipo. Bahasha hiyo huwekwa juu ya kabati, na baada ya miezi miwili mtoto mwingine anapoanza kujikuna hufunguliwa tena. Nimewahi kuonyeshwa bahasha moja iliyokuwa na vidonge vya namna tatu, na mwenyewe akaniambia kwa yakini kwamba vyote ni vya mafua.

Na tupige hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kidonge cha kawaida cha klorofeniramini kina miligramu 4. Hicho ndicho kipimo cha mtu mzima na cha kijana aliyetimiza miaka 12. Vitabu vya mwongozo wa dawa za watoto vinaeleza kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 11 apewe miligramu 2, yaani nusu ya kidonge, na wa miaka 2 hadi 5 apewe miligramu 1, yaani robo. Baina ya kipimo na kipimo zipite saa 4 hadi 6. Kwa siku nzima yule mdogo asipite miligramu 6, wala mkubwa wake asipite 12. Aliye chini ya miaka 2 asipewe ila kwa agizo la daktari.

Sasa mchukue mtoto wa miaka 3 aliyeletewa bahasha ya 1×3. Kila anapomeza anapata mara nne ya kipimo chake. Kufikia usiku amemeza miligramu 12, mara mbili ya kikomo cha siku. Mama yake hakupungukiwa na mapenzi wala na akili. Alipewa maagizo, akayafuata.

Wapo watakaosema: basi na akate kidonge robo. Nimejaribu kukikata kidonge hicho kwa wembe mbele ya wanafunzi wa darasa la saba. Robo moja ilitoka kubwa, ya pili ndogo, na mbili zikawa unga juu ya dawati. Kwa hiyo mtoto mdogo anahitaji dawa ya maji, na ya maji nayo ina hesabu yake. Klorofeniramini ya maji aghalabu ina miligramu 2 katika kila mililita 5. Mtoto wa miaka 4, ambaye haki yake ni miligramu 1, atapewa mililita 2.5. Setirizini ya maji kwa kawaida ina miligramu 5 katika mililita 5. Mtoto huyo huyo hupewa miligramu 2.5, ambazo pia ni mililita 2.5. Msomaji ameuona mtego? Dawa mbili, chupa mbili zinazofanana, ujazo ule ule. Lakini ya kwanza yaweza kurudiwa baada ya saa 4 hadi 6, na ya pili hupewa asubuhi na jioni tu. Mzazi aliyeizoea ya kwanza akikabidhiwa ya pili bila maelezo, akairudia kila baada ya saa 6 mchana na usiku, atakuwa amempa mwanawe mara mbili ya kiasi chake, huku akiamini kwamba hajabadilisha lolote.

Umri wenyewe ni njia ya mkato. Katika hospitali zetu waganga wana kijitabu cha Wizara ya Afya, Basic Paediatric Protocols, ambamo vipimo vya dawa nyingi vimepangwa kwa kilo za mtoto, maana mtoto wa miaka 6 aliyedhoofika aweza kuwa na uzito wa mtoto wa miaka 4. Kemisti mwenye mizani dukani ni nadra sana. Ikiwa mzazi anaijua kilo ya mwanawe kutoka kwenye kitabu cha kliniki, na aitaje kabla ya kutoa pesa.

Tuje kwenye kijiko. Chupa nyingi husema "kijiko cha chai", na wenye viwanda wanapoandika hivyo huwa na maana ya mililita 5 kamili. Jikoni hakuna kijiko cha namna hiyo. Mwaka wa 2010 watafiti nchini Ugiriki walichapisha matokeo ya jambo rahisi ambalo mwalimu yeyote angeweza kulifanya: walikusanya vijiko vya chai 71 na vijiko vya mezani 49 kutoka nyumba za wanawake 25, wakavipima. Kijiko kidogo cha chai kilibeba mililita 2.5, na kikubwa 7.3. Vya mezani vilianzia mililita 6.7 hadi 13.4. Yaani mama wawili majirani, kila mmoja akifuata maagizo yale yale kwa uaminifu, mmoja anaweza kumpa mtoto karibu mara tatu ya anachotoa mwenzake. Sidhani vijiko vya Gikomba vina nidhamu kuliko vya Ugiriki.

Hayo ni makosa ya kutojua. Lipo jingine ambalo ni zito zaidi, nalo ni la kukusudia. Maadamu dawa hizi huleta usingizi, wapo wanaozitumia kwa ajili ya usingizi wenyewe. Mtoto halii, mama apate kulala kabla ya kurauka saa kumi kwenda sokoni. Au mtoto ameachwa kwa mlezi wa mtaani, mwanamke mmoja katika chumba kimoja na watoto kumi na watano, na kazi yake hurahisika sana wote wakilala. Sisemi kwamba walezi wote hufanya hivyo. Wapo niwajuao ambao watoto wa watu wamewalea vizuri kuliko tulivyowalea wetu. Ila minong'ono hii imekuwapo kwa muda mrefu, na mzazi anayemchukua mwanawe jioni akamkuta hajiwezi, mdomo umekauka na macho yamelegea, siku baada ya siku, ana haki ya kuuliza alichonyweshwa.

Promethazini ndiyo ya kuogopwa zaidi katika jambo hili. Mwaka wa 2004 wakuu wa dawa wa Marekani waliagiza iandikwe onyo kali kuliko yote kwamba isipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa kuwa imewahi kupunguza pumzi za watoto wachanga hadi kufa. Mtoto mchanga hana njia ya kusema kwamba pumzi zinamwishia. Anaonekana tu amelala, na nyumba nzima inashukuru kwamba leo hajasumbua.

Isitoshe, usingizi wenyewe si hakika. Watoto wengine hufanya kinyume: dawa iliyotarajiwa kuwatuliza huwatia wazimu mdogo, wakarukaruka, wakalia na kukataa kulala usiku kucha. Mzazi asiyejua hilo huongeza kijiko cha pili.

Walimu wenzangu, suala hili linatuhusu moja kwa moja. Miaka michache iliyopita nilikuwa na msichana wa darasa la nne aliyekuwa hodari katika Kiswahili, hasa insha. Ghafla akawa anasinzia kila asubuhi hadi mapumziko. Mwalimu wake wa hesabu alimwona mvivu, akamwadhibu kwa kumsimamisha. Nilipomwita mama yake, alikuja na khanga yake begani, akakaa, akaniambia, "Mwalimu, huyu mtoto ana ngozi. Akijikuna usiku halali, na mimi silali. Nampa kidonge usiku, na asubuhi kabla ya kuja nampa kingine ili asijikune mbele ya wenzake." Kidonge kimoja kizima kila mara, katika mtoto wa miaka 9 mwenye mwili mdogo. Alichokuwa akikihitaji binti yule kilikuwa matibabu ya ngozi kliniki, na akayapata baadaye. Pembe ya darasa aliyosimamishwa ilikuwa ya bure.

Mambo kama haya yamepimwa kwingine kwa takwimu. Mwaka wa 2007 nchini Uingereza yalichapishwa matokeo ya uchunguzi juu ya wanafunzi wapatao 1,800 waliofanya mtihani wa kitaifa wa sekondari. Watafiti walilinganisha alama zao za majaribio ya majira ya baridi na zile za mtihani wenyewe, uliofanywa wakati chavua za majani zimejaa hewani. Waliokuwa na dalili za mzio siku za mtihani walielekea kuteremka gredi kwa asilimia 40 kuliko wengine. Kwa waliokuwa wamekunywa antihistamini za kuleta usingizi asilimia hiyo ilipanda hadi 70. Hapa kwetu mitihani ya kitaifa huangukia Oktoba na Novemba, mijakaranda ya Nairobi ikiwa imechanua na mvua za vuli zikiwa bado hazijalituliza vumbi. Mtahiniwa mwenye mzio na amwone mganga mapema, mwezi wa Agosti au Septemba, aulize kama dawa isiyoleta usingizi inamfaa. Kumeza Piriton saa moja asubuhi ukiwa njiani kwenda kwenye chumba cha mtihani ni kujitega mwenyewe.

Niseme kwa ufupi kuhusu mafua ya kawaida, kwa sababu hayo ndiyo yanayowapeleka wengi dukani. Mafua na mzio hufanana usoni lakini si kitu kimoja, na kwa mafua ya mtoto mdogo antihistamini haina msaada wa maana. Mwaka wa 2008 Marekani iliwaonya wazazi wasiwape watoto wa chini ya miaka 2 dawa za kikohozi na mafua za kununuliwa bila cheti, na mwaka wa 2009 Uingereza ikauweka mpaka wake kwenye miaka 6. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuelekeza mwaka wa 2001 kwamba koo la mtoto litulizwe kwa vinywaji vya uvuguvugu vya nyumbani. Chai ya ndimu ya bibi zetu imethibitishwa na Geneva. Asali nayo ni nzuri, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Dawa hizo za mafua zina hatari nyingine ya kufichika. Nyingi kati yake huwa tayari zimechanganywa na klorofeniramini, pamoja na paracetamol na vinginevyo. Mzazi anayempa mtoto dawa ya mafua kutoka chupa moja, kisha kidonge cha mzio kutoka kwenye bahasha, amempa dawa moja mara mbili. Jina la mbele ya chupa halitamwambia hilo. Ni yale maandishi madogo ya nyuma yatakayomwambia, akiweza kuyasoma.

Aliyezidishiwa huonekana hivi: uso mwekundu na moto, mdomo mkavu, mboni za macho zimetanuka, moyo unakwenda mbio, mkojo hautoki, maneno hayana mpango au anaona vitu visivyokuwapo. Wengine hupatwa na degedege, na wengine hulala usingizi usioamshika. Mtoto wa namna hiyo asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa nguvu. Na apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa au bahasha aliyonyweshwa. Daktari akipewa bahasha iliyoandikwa 1×3 peke yake itambidi abahatishe, na hapo ndipo tunapoona thamani ya jina la dawa.

Kadhalika, yapo magonjwa ambayo kipimo sahihi cha antihistamini hakiyawezi. Mtoto aliyeumwa na nyuki au aliyekula karanga, kisha midomo ikavimba, sauti ikabadilika, akakoroma akivuta pumzi au akalegea na kuzimia, anahitaji sindano ya adrenalini, tena upesi. Kidonge cha Piriton hakifungui koo lililoziba. Mwenye pumu naye ana dawa yake ya kuvuta kwa mdomo, na kumtuliza kwa dawa ya usingizi wakati kifua kimembana ni kumwongezea hatari. Shule zetu nyingi za Eastlands zina sanduku la huduma ya kwanza ambalo ndani yake mna bendeji na chupa tupu ya spiriti. Walimu wakuu wanajua ninachokisema.

Nani basi alaumiwe? Ni rahisi kumtwika lawama muuza kioski, na wakubwa wanapozuru mitaa yetu wakifuatana na wapiga picha huwa ndivyo wanavyofanya. Bodi ya Famasi na Sumu, iliyoundwa kwa Sheria ya Famasi na Sumu, Sura ya 244, ina mamlaka ya kuvamia na kufunga, na maduka yasiyo na leseni yamefungwa mara nyingi kwa misako. Wiki mbili baadaye yanafunguliwa upande wa pili wa barabara. Wateja wake ni wale wale, na sababu ni zile zile: foleni ya kliniki inachukua siku nzima, na siku nzima ya kutofanya biashara ni chakula cha watoto. Mimi sioni kwamba msako utamfaa mtoto wa miaka 3 mwenye bahasha ya khaki. Kitakachomfaa ni bahasha hiyo iandikwe vizuri.

Tunayo sheria iliyo kubwa kuliko Sura ya 244. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa aliyoinunua. Kifungu cha 7 kinasema kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Ukivisoma vifungu hivyo viwili pamoja, kisha ukaitazama chupa ya dawa ya watoto iliyo mkononi mwa mama wa Majengo, utashangaa. Chupa nilizozikagua mwenyewe mwaka huu zina Kiingereza, na kwa herufi ambazo mimi mwenye miwani huzisoma dirishani. Mama huyo anakizungumza Kiswahili cha kupendeza. Mtaa huu umekitunza Kiswahili Nairobi kwa miaka mia moja. Tumekubali vipi kwamba maagizo ya kumwokoa mwanawe yaandikwe kwa lugha ambayo yeye si lazima aijue?

Wenye viwanda watadai kwamba kuandika upya ni gharama. Ni wenye viwanda hao hao wanaoweza kutangaza bidhaa zao kwa Kiswahili redioni asubuhi, mchana na jioni, na kwa utenzi wa kuchekesha. Wanapotaka kuuza wanaijua lugha yetu. Bodi haihitaji sheria mpya ili kuwaambia kwamba mistari minne iandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: jina la dawa, miligramu katika mililita, kipimo kwa umri na kwa kilo, na umri usioruhusiwa. Na kwa vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja, bahasha iwe na nafasi zilizopigwa chapa za kujazwa, kama cheti cha hospitali. Mwenye kemisti atakayeona uvivu kujaza nafasi hizo atakuwa ametuonyesha yeye ni mwuzaji wa namna gani.

Upande wa shule hatuna haja ya kungoja. Vipimo vya ujazo na sehemu za namba vimo katika hisabati ya shule za msingi, na kila mwaka tunawapigisha watoto hesabu za matangi ya maji ambayo hawajawahi kuyaona. Nimekuwa nikiwapa wangu swali hili: chupa ina miligramu 2 katika mililita 5, mdogo wako ana miaka 4 na anatakiwa kupewa miligramu 1, asipite miligramu 6 kwa siku, utampimia mililita ngapi kwa mara moja, na kwa siku usipite mara ngapi? Mara ya kwanza nusu ya darasa walikosa. Jumatatu iliyofuata mvulana mmoja alikuja na chupa ya nyumbani kwao mfukoni, akataka tuihesabu pamoja, kwa sababu jibu alilolipata usiku halikulingana na kijiko alichokuwa akikitumia shangazi yake.

Tuliipima kwa sirinji ya plastiki isiyo na sindano, ya mililita 5, ambayo kwa kemisti wa karibu na shule huuzwa kwa bei ya chini kuliko chupa ya soda. Kijiko cha shangazi kilibeba mililita 8. Alipotoka shuleni jioni ile aliniomba sirinji aende nayo, nami nikampa. Bodi inaweza kuagiza kwamba chupa yoyote ya dawa ya maji ya watoto isitoke dukani bila sirinji kama hiyo ndani ya boksi lake, na nangoja kusikia ni kiwanda kipi kitakachosema kwamba kitafilisika.